Siku Tuliyolipeleka Pijo Gulwe

Mume wangu Zablon alilikuta lile gari nyuma ya ghala moja pale Kibaigwa, limekalishwa juu ya matofali, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Lilikuwa Pijo 404, la zamani kuliko ndoa yetu. Injini halikuwa nayo, kioo cha mbele hakikuwepo, na sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukikaa ndani unaona majani yameota chini ya miguu yako. Mwenye ghala alimwambia alichukue tu, amsaidie kusafisha uwanja. Zablon akalivuta kwa trekta hadi nyumbani kwetu Ihumwa, akalisukumia chini ya banda la mabati pembeni ya shamba letu la zabibu, akasimama analitazama kama mtu aliyeletewa mjukuu.

"Baba Seth," nikamwambia, "hicho ni chuma chakavu."

"Kwa sasa," akanijibu.

Wakati huo alikuwa bado kazini, fundi wa karakana ya reli. Maisha yake yote alikuwa amefungua na kufunga injini za vichwa vya treni, kwa hiyo sikushangaa kwamba mtu huyo, akipewa likizo, anakwenda kulala chini ya gari. Nilichokishangaa ni subira yake. Injini aliipata kwenye pikapu ya Pijo iliyoungua nyuma huko Kondoa. Milango miwili aliichonga upya kwa nyundo, bati kwa bati. Kioo cha mbele kilisafiri kwa basi kutoka Arusha, kimefungwa ndani ya godoro, naye akaenda stendi kukipokea amevaa shati la kanisani. Kuna miaka ilipita gari halikusogea hata kidogo, kwa sababu kifaa kimoja hakipatikani popote. Zablon hakununa. Alikaa, akauliza huku na huko, akasubiri.

Alipostaafu tulijua kwamba sasa litaisha haraka. Badala yake yakaanza macho.

Mwanzoni alikuwa anajikwaa kwenye vitu vilivyo pembeni yake: ndoo, mbwa, kizingiti cha mlango. Kisha akawa ananiuliza kama umeme umepungua. Hospitali wakasema ni presha ya macho, imekaa siku nyingi bila kuonekana, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Wakampa dawa ya matone kulinda kilichobaki. Kilichobaki nacho kikaondoka taratibu, kama maji yanavyokauka kwenye bwawa kiangazi, hadi akawa anatofautisha mwanga na kivuli, basi.

Kwa miezi mingi hakukanyaga bandani. Alikaa kwenye kiti chake barazani akisikiliza redio, na mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona imelala, ikalala mapajani. Mimi nilikuwa naendelea na zabibu zangu, napogoa, napiga dawa, navuna, na kila nikipita karibu na lile banda nilikuwa nageuza uso.

Siku moja akaja mtu kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mstaarabu, amevaa vizuri, anakusanya magari ya kale. Alikuwa amesikia habari za Pijo letu kwa mtu aliyemuuzia Zablon kioo cha mbele. Akalizunguka, akapiga picha, akaja kukaa barazani, akasema yuko tayari kulichukua kama lilivyo, hata leo.

Zablon akasema, "Nadhani ulichukue. Mimi silimalizi tena. Na hata nikilimaliza, nani ataliendesha? Seth yuko Mwanza na maisha yake."

Mimi nilikuwa nimeshika trei ya chai. Sikuwa nimepanga kusema neno. Nilimtazama mume wangu, nikaona kwamba akishalitoa lile gari hatainuka tena kwenye kile kiti.

"Haliuzwi," nikasema.

Wote wawili wakageuka.

"Mama Seth," Zablon akaniambia kwa upole, "nani ataliendesha?"

"Mimi."

Zablon akacheka. Hakunicheka kwa dharau. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamtikisa mabega, hadi machozi yakamtoka kwenye yale macho yake. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mvua zilizopita. Yule mgeni akanywa chai yake, akatuaga vizuri, akaenda zake. Kesho yake asubuhi nilisikia bati la bandani likigongwa.

Nilikuwa na miaka hamsini na nane. Nilikuwa nimeendesha baiskeli na trekta la mkono, basi. Nikajiandikisha chuo cha udereva mjini, mimi na vijana wanaolingana na wajukuu wa dada yangu. Seth alipopata habari alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, nasikia unajifunza gari. Kwa umri huo?"

"Umri huu ndio nilionao," nikamwambia. "Ningejifunza kwa umri wa nani?"

Akaomba kuongea na baba yake. Baba yake akamwambia yuko chini ya gari, apige baadaye.

Kule chuoni tulifundishwa kwa Toyota ndogo. Mwalimu alinisifia kwa utulivu, ingawa mara ya kwanza nilizima gari katikati ya mzunguko na malori yote ya Dodoma yakanipigia honi. Leseni nikaipata. Lakini Pijo ni kitu kingine kabisa: gia yake iko kwenye shingo ya usukani, na hapo mjini sikuona mwalimu aliyewahi kuishika. Basi Zablon akanifundisha mwenyewe, gari likiwa bado juu ya mawe, halina tairi hata moja. Jioni jua likipungua tulikuwa tunaingia, mimi nyuma ya usukani, yeye kushoto kwangu. Anaweka mkono wake juu ya wangu, tunatembea pamoja: vuta kwako, shusha, sukuma, pandisha.

"Usiangalie," ananiambia. "Ukiangalia mkono, barabara inakukimbia. Mkono unajua."

"Na wewe unajuaje kama naangalia?"

"Shingo yako inalia," anasema, nasi tunacheka.

Na yeye ndivyo alivyolimaliza lile gari, kwa mkono. Vifaa vidogo alivipanga kwenye trei za mayai, kila kimoja kwenye shimo lake, na ole wako ukisogeza trei. Skrubu alizipima kwa ncha ya kidole. Mimi nikawa macho yake pale tu palipohitaji macho: rangi za nyaya, alama ndogo zilizochongwa kwenye chuma. Nilimsomea, yeye akafunga. Kuna siku tuligombana sana kwa waya mmoja niliouita kahawia na kumbe ulikuwa mwekundu uliochakaa. Tukanuniana hadi chakula cha jioni, na chakula kilipoisha tukarudi bandani kuutafuta waya wa kahawia wa kweli.

Kwa rangi ya bodi tulimwita Hasani, fundi rangi wa Ipagala, mtu wa Kondoa mwenye mkono mwepesi. Zablon alitaka ile ile rangi ya kiwandani, nyeupe ya maziwa. Hasani akapiga msasa, akapiga rangi, akang'arisha, akaniita nikaona uso wangu mlangoni. Kisha Zablon akaja. Akaanza kwenye taa ya mbele, akatembeza viganja vyote viwili taratibu juu ya boneti, mlango, mlango, hadi kwenye yale mabawa madogo ya nyuma. Juu ya gurudumu la nyuma viganja vikasimama.

"Hapa pana wimbi," akasema.

Hasani akainama, akaangalia kwa kuvizia mwanga, akavua kofia yake.

"Kweli mzee. Naparudia."

Akarudia upande mzima. Zablon alipopapasa mara ya pili alitabasamu tu, akampa Hasani mkono, wakashikana muda mrefu.

Siku ya kuliwasha ilikuwa Jumamosi, baada ya mavuno ya Septemba. Zablon alitaka niwashe mimi. Yeye alisimama mbele, boneti iko wazi, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza mapigo ya moyo. Nikazungusha ufunguo. Likakohoa. Nikazungusha tena, likatikisika, likatoa moshi, likazima.

"Tena," akasema Zablon. "Bonyeza mafuta kidogo. Kidogo kabisa."

Safari hii likaitikia. Kwanza likaunguruma kwa hasira, kisha likashuka, likatulia kwenye mlio mmoja mzito, laini, usiokatika. Majani ya mizabibu iliyo karibu na banda yakawa yanatetemeka. Zablon akainua mkono mmoja juu, akaubakiza hapo hapo. Mimi nilipiga vigelegele nikiwa ndani ya gari, peke yangu, mguu bado uko kwenye mafuta, na injini ikavuma na mimi.

Tulikubaliana kwamba safari ya kwanza itakuwa Gulwe, kwao Zablon. Kaka yake mkubwa, Nikodemo, hakuwahi kutoka kule, na kwa sasa miguu haimruhusu. Nilijaribu kwanza kulizungusha Ihumwa kwa siku chache, hadi mkono ukajua kweli. Kisha Jumanne moja asubuhi tukabeba maji, ndizi, na kreti mbili za zabibu, tukatoka.

Niwaambie ukweli, kwenye lami ya kwanza nilikuwa nimeshika usukani kama nimeshika ng'ombe kwa pembe. Malori yananipita yanatikisa gari zima. Zablon alikuwa ametulia, kioo kimeshushwa, mkono nje, upepo unampiga usoni.

"Pandisha gia," akasema. "Linaomba."

Nikapandisha. Likaacha kulalamika, likaanza kuelea. Tukapita Chamwino, tukapita Buigiri. Watu wa bodaboda walikuwa wanapunguza mwendo kutuangalia, wananyoosha dole gumba. Askari wa barabarani alitusimamisha, nikatoa leseni yangu, kumbe anataka kuona dashibodi. Akaniomba afungue boneti, akachungulia, akaita mwenzake, naye akachungulia. "Mama, safari njema," akasema, na akanipigia saluti. Nikaondoka bila kuzima gari, jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko saluti.

Tulipokata kona ya Mbande kuelekea Kongwa, jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Joto lilikuwa linacheza juu ya barabara kama maji. Ghafla gari likasita. Likavuta, likasita tena, likaanza kukohoa, nguvu zikaisha. Nikalisogeza pembeni, likazima. Nilipojaribu kuliwasha likazunguka tu, haliitikii.

Niliogopa kumwangalia mume wangu. Miaka yote ile, na tumefia hapa, kwenye vichaka vya Kongwa.

Lori la mahindi lililokuwa nyuma yetu likasimama. Dereva wake akashuka, kijana mnene mwenye taulo shingoni.

"Shikamooni wazazi. Dereva wenu kaenda wapi?"

"Marahaba. Dereva ni mimi," nikasema.

Akanitazama mimi, akatazama gari, akakuna kichwa. "Basi mama, nina kamba. Nikuvuteni hadi Kongwa mjini, kuna gereji."

Zablon akainua kidole. "Subiri kwanza, kijana wangu. Mama Seth, lilipokufa lilikata mara moja, au lilikuwa linakufa na kufufuka?"

"Linakufa na kufufuka."

"Basi si umeme. Umeme ukikatika umekatika. Hiyo ni petroli, imechemka kwenye bomba kwa joto, imegeuka mvuke, pampu haiwezi kuivuta." Akatabasamu kabisa, kama mtu aliyekutana na jamaa yake safarini. "Fungua boneti. Pampu iko ubavuni mwa injini, ukubwa wa kopo la maziwa. Ipoze."

Nikafungua. Joto likanipiga uso. Nikaiona pampu; nilikuwa nimeishikia taa mara nyingi. Nikavua khanga yangu ya begani, nikaimwagia maji yetu ya kunywa, nikaizungushia ile pampu na bomba lake, nikaongeza maji. Mvuke ukaruka. Nikairudia tena, na tena, hadi chuma kikaacha kufoka. Yule dereva wa lori alikuwa amenishikia chupa. Tukakaa kivulini mwa lori lake tukala ndizi.

"Jaribu sasa," Zablon akasema.

Nikaingia, nikazungusha ufunguo, na gari likawaka mara ile ile kama halijawahi kuugua. Dereva wa lori akapiga makofi peke yake barabarani.

"Mama, wewe tangulia!" akapiga kelele. "Mimi nitakuwa nyuma yako, kukitokea kitu nipo."

Lakini lori lenye mahindi na Pijo havina mwendo mmoja. Kabla ya Kongwa tulisimama kupoza tena kidogo, nikampungia mkono apite, na kwenye kile kilima cha kuelekea Mpwapwa nikamkuta mbele yangu, anapanda kwa gia ya kwanza, moshi mweusi unafuka. Barabara ilikuwa wazi hadi juu. Akanionyesha kwa taa kwamba nipite.

"Baba Seth, nina lori mbele, na kilima."

"Linasemaje gari?"

Nikasikiliza. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikiliza mwenyewe bila kuelekezwa. "Linataka gia ya pili."

"Basi umeshajibiwa."

Vuta kwako, pandisha. Nikakanyaga mafuta. Pijo likainua pua yake nyeupe, likanguruma, likatoka upande wa kulia, likapita magurudumu ya lori moja baada ya jingine, likampita dereva aliyekuwa ametoa mkono na taulo lake nje akilipunga kama bendera. Honi yake ilitufuata hadi kileleni. Chini yetu bonde zima la Mpwapwa likafunguka, na mimi nilikuwa napiga kelele, sijui nilikuwa nasema nini, na Zablon alikuwa anapiga kiganja chake ubavuni mwa mlango, pa! pa! pa!

Gulwe tulifika jua likiwa limeinama kidogo. Vumbi lilitutangulia, kwa hiyo watu walikuwa wamekwisha kutoka nje. Nikodemo alikuwa amekaa mlangoni, fimbo mapajani. Aliona gari linasimama, akaona mlango wa dereva unafunguka, akaniona mimi natoka, akabaki anausubiri mlango ule ule kana kwamba kuna mtu mwingine atatoka.

"Mbukwenyi," nikamsalimia kwa Kigogo. "Shikamoo shemeji."

"Marahaba," akasema. "Umeletwa na nani?"

"Nimejileta. Na mdogo wako nimemleta."

Mzee akacheka hadi fimbo ikaanguka. Zabibu zikagawanywa, watoto wakagombea kukaa kwenye kiti cha nyuma, mawifi wakanizunguka wakiimba na kunipangusa vumbi mikononi. Nikodemo aliomba ashikwe mkono, akalizunguka gari lote, na Zablon akamwonyesha kila sehemu kwa kuigusa: hii niliichonga, hii ilitoka Kondoa, hii tuligombania na Mama Seth siku nzima.

"Na linaendaje ukiwa wewe umelishika?" Nikodemo akauliza.

Zablon akaacha kiganja chake juu ya boneti. "Mimi sijaliendesha, kaka," akasema. "Sijawahi."

Hakulalamika. Aliyasema kama anavyosema mtu jina la kijiji chake. Lakini wale wanawake wakaacha kuimba.

Ng'ambo ya reli, mto ukifurika masika, maji hutandaa na kuacha tambarare pana ya udongo mkavu, mgumu kama sakafu. Hakuna mti, hakuna shimo, hakuna nyumba. Ng'ombe hupitishwa pale asubuhi na jioni tu. Niliitazama, nikamtazama mume wangu.

"Ingia," nikamwambia.

"Wapi?"

"Kwenye gari. Tukivuka reli utakaa upande wangu."

Nikalivusha reli, nikalifikisha katikati ya ule uwanda, nikazima. Nikodemo akawaamuru vijana wote wabaki huku, hakuna anayevuka, na sauti yake ilikuwa bado ina nguvu. Nikashuka, nikamzungusha Zablon hadi mlango wa kulia. Akakaa. Akaupata usukani, akaupapasa mzunguko wote. Nikakaa kushoto kwake. Akagusa ufunguo, akauzungusha, injini ikaitikia.

Akaachia klachi laini kuliko nilivyowahi kuiachia mimi. Tukaanza kutembea.

"Kulia kidogo," nikasema. "Hapo hapo. Nyoosha."

Vumbi likainuka nyuma yetu. Nikasikia vigelegele vya Gulwe nzima kutoka ng'ambo ya reli. Akapandisha gia ya pili, akapandisha ya tatu, na uso wake ulikuwa umenyooka mbele, macho wazi, upepo unampeperusha mvi.

"Mbele kuna nini?" akauliza.

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Hakuna kitu kabisa, Baba Seth. Ongeza."

Akaongeza.